Gitaa: kodi ninazo, F inalia, lakini sisogei. Nifanye mazoezi gani?

Kijana wa Uyole

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Napiga gitaa kavu kwenye kwaya ya vijana hapa Uyole. Kodi za kawaida (noti kadhaa zinazolia pamoja) ninazo, F ya kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote inalia bila kukwaruza, nabadilisha bila kutazama mkono. Pentatoniki, skeli ya noti tano, najua umbo lile la kwanza tu. Nikiambiwa nipige solo nazunguka humohumo mpaka wimbo unaisha.

Shida ni kwamba tangu mwaka jana sioni nilichoongeza. Usiku nikishafunga duka nashika gitaa, napiga nyimbo zilezile, nafurahi, nalala. Mpiga kinanda akitaka B flati, naweka kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote) freti ya 3, yaani nafasi ya tatu ya shingo, nashika maumbo ya G, basi. Mwalimu wa kwaya naye kila wimbo ukichangamka analalamika kwamba nawakimbiza waimbaji.

Sasa nauliza: ninunue gitaa la umeme? Nikariri skeli zote? Video za YouTube zinakula bando na kila mwalimu ana lake. Muda wangu ni kama saa moja kwa siku, na kwa baridi ya Juni hii vidole vinakufa ganzi.

Mtoto wa Mwanjelwa

Kaka, skeli. Meja, maina, modi zote saba (skeli ya meja ukiianzia kila noti yake), kila ufunguo, hakuna njia ya mkato. Na la umeme chukua tu hata la mtumba, litakupa hamu.

Rithimu wa Ipogolo

Kamwene. Mimi nimepiga gitaa la rithimu, lile linaloshika mwendo nyuma ya solo, kwenye bendi za kukopi nyimbo za wengine hapa Iringa tangu enzi za kaseti, kwa hiyo mjue kabisa naegemea upande gani.

Mwanangu, jibu umeliandika mwenyewe kisha ukalipita: mwalimu anasema unawakimbiza waimbaji. Hapo modi saba zitakusaidia nini? Utawakimbiza kwa modi saba. Mkono wako wa kushoto unatosha kwa sasa, wa kulia ndio haujafundishwa. Wapigaji wengi wa kiwango chako wako hivyo, kwa sababu wa kushoto ukijifunza kitu kipya unaweza kumwonyesha mtu, wa kulia hauna cha kuonyesha. Unasikika tu.

Fanya hivi. Pakua metronomu, programu inayolia mapigo kwa mwendo usiobadilika, kwenye simu, za bure zipo, na ukishaipakua haili bando. Iweke mapigo 40 kwa dakika. Usihesabu kila mlio kuwa pigo la kwanza. Mlio wa kwanza uite pigo la pili, unaofuata uite la nne. Maana yake wimbo unakwenda 80, na simu inakupa nusu tu ya mapigo; la kwanza na la tatu unayabeba mwenyewe. Laza vidole vya kushoto juu ya nyuzi zote bila kukandamiza, zitoe "chaka" tu, na mkono wa kulia uwe unapanda na kushuka bila kusimama hata pale usipogusa nyuzi. Dakika kumi. Hakuna kodi, hakuna wimbo. Ukiona mlio unakuja baada yako, umekimbia.

Ukizoea, ndipo uweke kodi. Lakini si zile kubwa za nyuzi sita. Chukua nyuzi tatu nyembamba peke yake: ya tatu, ya pili, ya kwanza. C ni freti 5-5-3. F ni 5-6-5. G ni 4-3-3. Tazama: kodi tatu zote ziko kati ya freti ya 3 na ya 6, mkono hausafiri. Ukishika hivyo, kinanda kikikaa chini wewe unalia juu, hamgongani. Rithimu ya muziki wa dansi inaishi maeneo hayo. Halafu zitafute kodi hizohizo sehemu nyingine ya shingo, kwa mfano C iko pia 9-8-8. Tafuta F na G za jirani yake mwenyewe, sikupi.

Na ujirekodi kwa simu, kila siku, hata dakika moja. Sikiliza kesho yake, si palepale. Palepale unasikia ulichokusudia kupiga.

Suala la masikio. Kijana akisikiliza bendi ya zamani anafuata solo tu. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, kila mtu anamsikia Mbaraka kwa sababu ndiye solo na ndiye mwimbaji. Sikiliza mara nyingine umwache kabisa, mfuate wa rithimu toka mwanzo hadi mwisho. Utakuta anarudia kitu kifupi sana, na hata chemko, ile sehemu wimbo unapochangamka, likianza mwendo wake hauyumbi. Kile kifupi ndicho ukikopi. YouTube ina sehemu ya kupunguza mwendo hadi nusu na sauti haishuki. Chukua sekunde chache, achana na wimbo mzima.

Kijana wa Uyole

Shikamoo mzee, ndaga fijo. Nimeijaribu hiyo 40. Ni mateso! Nikitulia kidogo nakuta mlio umegeuka kuwa pigo la kwanza bila mimi kujua. Ila nimejirekodi na kweli, nakimbia hasa ninapokaribia kubadilisha kodi. Hilo sikuwahi kulisikia. Sasa B flati nifanyeje bila kapo?

Alto wa Makete

Naomba nijibu hilo mzee, maana sisi huku B flati na E flati ndiyo chakula cha kila Jumapili.

Mdogo wangu, nenda freti ya 6. Laza kidole, vidole vingine vikae kwa umbo la E ya kawaida: hiyo ni B flati. Palepale freti ya 6 shika umbo la A, mzizi (noti inayoipa kodi jina) uko uzi wa tano: E flati. Sogea freti mbili mbele na umbo hilohilo: F. Kodi kubwa tatu za wimbo umezimaliza. Mpiga kinanda akihamia C, unasogeza vyote freti mbili. Kapo usiitupe, ina sauti yake nzuri, ila isiwe gongo.

Kuhusu baridi, usianze na kodi za kulaza kidole mkono ukiwa wa barafu. Shika kikombe cha chai kwanza. Na usitune gitaa likiwa ndiyo kwanza limetoka chumba cha baridi: uzi wa chuma ukipoa hujikaza na sauti hupanda, ukipata joto la mikono na kanisa lililojaa hushuka. Lipige kidogo, ndipo utune. Kama una nyuzi za unene wa 012, jaribu nyembamba za 010, zinakandamizwa kirahisi zaidi.

Mtoto wa Mwanjelwa

Mimi bado nasema skeli.

Rithimu wa Ipogolo

Skeli nazo zina siku yake, sijakataa. Lakini azianzie ndani ya kodi. Akishika ile C ya 5-5-3, atafute noti moja juu yake na moja chini yake, aimbe kwa mdomo kwanza kisha aipige. Kisichoimbika kwa mdomo kwenye kwaya hakimsaidii mtu. Pentatoniki ya kwanza itaanza kufunguka yenyewe kwa njia hiyo, kwa sababu atajua noti ipi inatua na ipi inapita.

La umeme usinunue sasa. Ukilinunua utahitaji spika, na waya, na usiku majirani. Gitaa kavu linatosha sana. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alipiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada, na ukimsikiliza unatafuta mtu wa pili yuko wapi. Gumba linashika besi na haliyumbi, kidole kinafanya utundu juu. Jumamosi ukiwa na nafasi, weka piki (kile kiplastiki cha kupigia) pembeni ujaribu: gumba peke yake kwenye C, uzi wa tano kisha wa nne, mpaka uweze kuongea na mtu huku linaendelea.

Na ile 40 usiipandishe bado. Ikikuchosha ishushe iwe 35, ni ngumu zaidi. Ukiiweza, rekodi uweke hapa tusikie, ila utuwekee pale wimbo unapochangamka. Mwanzo kila mtu anaupiga vizuri.