Mwanangu frateri yuko Roma, simu hapokei. Ni kawaida?

Mama wa Rombo:
Tumsifu Yesu Kristo. Naomba msaada kwa waliowahi kuishi Roma. Kijana wangu anasomea upadre; alimaliza falsafa seminari ya Kibosho, Baba Askofu akamtuma Roma kwa teolojia. Anakaa Chuo cha Urbano, kilimani Gianicolo. Aliondoka Agosti. Mwanzoni nilikuwa nampigia saa tatu usiku nikishamaliza kazi za jikoni, anapokea, tunacheka. Tangu Novemba ianze hapokei kabisa. Asubuhi nakuta ujumbe: "Mama, nilikuwa kanisani." Kila siku kanisani? Akipiga yeye, sauti imechoka. Jumamosi mchana nilisikia nyuma yake mlio mkubwa, akasema ni mzinga tu, hupigwa kila siku. Silali vizuri. Anaumwa ananificha? Au wito umeanza kumtoka na anaogopa kuniambia?

Padre wa Kusini:
Milele amina, mama. Nimesoma kilima hichohicho. Tuanze na saa. Wakati wa kiangazi Roma iko nyuma yetu kwa saa moja. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wenzetu hurudisha saa zao nyuma, tofauti inakuwa saa mbili. Wewe hujabadilisha kitu, ya kwake ndiyo imehama. Ulipokuwa unapiga saa tatu usiku, kule ilikuwa saa mbili, wameshakula na wanapumzika. Siku hizi ukipiga, kule ni saa moja: masifu ya jioni, kisha mezani. Simu imebaki chumbani. Yuko kanisani kweli.

Mzinga usikutishe. Hupigwa saa sita kamili mchana, pale Gianicolo tangu 1904. Papa Pio wa Tisa aliuanzisha mwaka 1847 ili kengele za makanisa ya Roma zilie pamoja.

Uchovu huo naujua. Enzi zangu tuliamka saa kumi na moja na nusu: masifu ya asubuhi, tafakari, misa, kahawa na mkate, darasani. Lakini kinachomchosha mtu kuliko ratiba ni lugha. Mimi nilisoma Kiitaliano miezi michache Perugia, kwenye chuo cha wageni, nikaamini nimeiva. Siku ya kwanza ya Maandiko Matakatifu nilirudi chumbani na mistari minne daftarini, nikalia. Mitihani mingi ni ya mdomo, wewe na profesa uso kwa uso, na jambo unalolijua vizuri kwa Kiswahili linakukwama kooni. Seminari ya nyumbani nilikuwa kiongozi wa kwaya. Kule nilikuwa mtu mzima asiyejua kuomba chumvi mezani. Jioni kama hiyo hata Kiswahili hutamani kukisema. Hiyo ndiyo sauti unayoisikia, mama. Usiichukue kuwa ni wito unaotoka.

Mpigie saa kumi jioni ya huku. Kule ni saa nane, wametoka kula, kila mtu yuko chumbani kwake.

Sista M.:
Shikamoo mama. Padre kasema kweli, ila tumbo kalisahau. Mchana ni tambi, kesho tambi. Mwambie siku ya mapumziko ashuke soko la Esquilino, karibu na stesheni ya Termini. Kuna ndizi, bamia, muhogo. Sisi Watanzania tulikuwa tunachanga hela sikukuu, tunapika mtori. Ndizi zile si mshare, lakini nyumba ilinukia kwetu.

Na ukimpata, usimwulize tu kama anasali. Mama yangu alikuwa ananisalia rozari nzima kwenye simu. Nilimshukuru, lakini nilikuwa na kiu ya kusikia mbuzi wamezaa wangapi.

Mama wa Rombo:
Marahaba, Sista. Padre, Mungu akubariki. Leo nimepiga saa kumi, kapokea mlio wa kwanza! Haumwi. Ana mtihani wa mdomo Januari, ndio unamnyima raha. Nikamwambia upepo umeangusha mgomba wa nyuma ya jiko, na mkungu wake. Akauliza, "Ule wa babu?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza kidogo, halafu akataka kujua machipukizi yamebaki mangapi. Nimeenda na tochi kuhesabu. Ni manne. Kesho saa kumi nitamwambia.