Bima wametangaza tenda ya fizio, niweke bei gani?

Fizio wa Tegeta: Wakuu habari zenu. Nina kliniki ndogo ya fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), vitanda 2 tu, sasa kampuni moja ya bima ambayo ndo inaniletea wagonjwa wengi inasema mikataba ya zamani basi, kila mtu aombe tenda aandike bei yake kwa sesheni, na hawasemi watatuletea wagonjwa wangapi. Nishushe bei au niachane nao?

Kitanda3: Usishushe kabla hujapiga hesabu mkuu. Kodi, umeme, mshahara wa msaidizi, na ile miezi unayosubiri klemu (madai yako kwa bima) zilipwe, gawa kwa sesheni unazofanya kweli sio unazoota. Halafu mgonjwa wa kiharusi anakula saa nzima, wa kiuno nusu saa, ukiweka bei moja umekwisha.

MamaGoti: Ila msije mkakubaliana bei kwenye grupu la WhatsApp jamani, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kupanga bei pamoja, hata kwenye tenda. Kuwauliza bima idadi ya wagonjwa ruksa.

Fizio wa Tegeta: Duh, na meseji nlishaituma kwa wenzangu asubuhi. Ngoja nifute.