Amecheza fainali 3 za Grand Slam, zote kazikosa: Ons Jabeur tumwite bingwa au tusimwite?

Mwanzisha mada, Chake Chake

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Mie ni mwalimu wa michezo katika skuli moja hapa Chake. Wiki mbili nyuma nilibandika picha ya Ons Jabeur, mcheza tenisi wa Tunisia, kwenye mlango wa chumba cha vifaa. Chini yake nikaandika kwa mkono: BINGWA WETU. Mwalimu mwenzangu, mtu ninayemheshimu sana, akaniambia picha ibaki lakini neno nilifute. Hoja yake ni kwamba Ons hajawahi kuchukua Grand Slam hata moja, yaani yale mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi, na mtoto akifundishwa kuwa aliyeshindwa fainali ndiye bingwa, kesho hatoona haja ya kushinda. Tulibishana mpaka kengele ikagonga, hatukumaliza. Naleta kwenu.

Niseme langu kwanza. Ons alizaliwa mwaka 1994 Ksar Hellal. Mama yake ndiye aliyempeleka uwanjani akiwa na miaka 3, na mipira yake ya mwanzo kaipigia kwenye viwanja vya hoteli za watalii. Sie wa visiwa hivi tunazijua hoteli za namna hiyo: uwanja upo, lakini si wa mtoto wa mtaani. Akiwa na miaka 12 akatoka nyumbani kwenda Tunis kusoma skuli ya michezo. Mwaka 2011 akachukua ubingwa wa wasichana wa French Open. Baada ya hapo watu walidhani njia imefunguka. Haikufunguka. Taji lake la kwanza la wakubwa alilipata Birmingham, Juni 2021. Hesabuni wenyewe: miaka 10. Miaka 10 ya mashindano madogo, majeraha, na kuanza upya, na hakuna mwanamke Mwarabu aliyetangulia kulichukua taji la ngazi hiyo akamwonyesha kuwa inawezekana.

Mei 2022 akachukua Madrid. Alimfunga Jessica Pegula 7-5, 0-6, 6-2, akawa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika na wa Kiarabu kushinda mashindano ya ngazi ya 1000, ile inayofuata chini ya Grand Slam. Mwezi uliofuata akawa namba 2 duniani. Kisha ndiyo hizo fainali: Wimbledon 2022, US Open 2022, Wimbledon 2023. Zote kapoteza.

Kwangu mimi huyu ni bingwa. Nangoja hoja zenu.

Mchangiaji, Malindi

Mwalimu, wa alaykum salaam. Mwenzako kasema kweli, na wewe usikasirike.

Tenisi ina mashindano manne yanayotenga watu: Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Serena Williams anayo 23 ya mchezaji mmoja mmoja, Steffi Graf 22, Margaret Court 24. Hao ndio mabingwa. Ons ni mchezaji hodari sana, na mie nampenda, lakini mapenzi yasibadilishe maana ya maneno. Ukimpa neno hilo aliyefika mlangoni, yule aliyeingia ndani utamwitaje?

Na jambo jengine. Watu wanasema Ons ni mwanamke wa kwanza wa Afrika kucheza fainali ya Grand Slam. Si kweli mpaka uongeze "tangu 1968", mashindano yalipofunguliwa kwa wachezaji wa kulipwa. Sandra Reynolds wa Afrika Kusini alicheza fainali ya Wimbledon mwaka 1960, akafungwa na Maria Bueno wa Brazil. Naye ni Mwafrika. Tukitaka heshima ya historia tuitaje yote.

Mwanzisha mada, Chake Chake

Kuhusu Reynolds umenisahihisha, ahsante. Kesho darasani nitasema hivyo hivyo.

Kuhusu neno siafiki. Bingwa kwa Kiswahili chetu hakuanzia kwenye kombe. Bingwa ni mtu aliyekijua kitu mpaka wenziwe wakamkubali. Tunaye daktari bingwa wa mifupa, tunaye bingwa wa kuchonga milango. Hakuna aliyewakabidhi kikombe. Kombe limekuja juu ya neno ambalo tayari lilikuwepo.

Na umahiri wa Ons hauna mjadala. Mtazame anavyoucheza ule mpira mfupi. Mwenziwe yuko nyuma kabisa anangoja pigo zito. Ons anainua mkono kama anayetaka kupiga kwa nguvu, halafu mkono unalegea, raketi inapita chini ya mpira taratibu, mpira unavuka wavu na kufa pale pale. Wasichana wangu wamelijaribu pigo hilo mwezi mzima kwenye ukuta wa nyuma ya darasa. Tuna raketi mbili. Moja nyuzi zilikatika, tumezirudishia kwa mshipi wa kuvulia tuliopewa na baba wa mwanafunzi. Mipira imekwisha manyoya, inateleza kama limau. Juzi mmoja wao, mtoto mkimya wa darasa la sita, kalipata mara tatu mfululizo, kisha akageuka kunitazama kuona kama nimeona. Huyo nimwambie yule unayemwiga si bingwa?

Mchangiaji, Ng'ambo

Mwalimu niko na wewe, na ushahidi ninao hapa hapa Zanzibar.

Disemba 2017, Kombe la CECAFA la mpira wa miguu la Afrika Mashariki na Kati, Machakos, Kenya. Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, wamewafunga Bara 2-1 kwenye kundi, wamewatoa Uganda kwenye nusu fainali, fainali wamekwenda sare ya 2-2 na Kenya kwao, wakatolewa kwa penalti. Waliporudi mji ulisimama. Watu walijipanga njia nzima kutoka uwanja wa ndege. Mie nilimbeba mwanangu mabegani mpaka shingo ikaniuma, na sijui mtu aliyerudi nyumbani siku ile akihisi tumepokea walioshindwa.

Mchangiaji, Malindi

Nilikuwepo na mie, ndugu yangu. Nililia. Lakini kumbuka tuliwaita nani. Tuliwaita mashujaa. Mabingwa walikuwa Kenya, na orodha ya CECAFA inasema Kenya. Kombe letu ni la 1995, tulilolichukua Uganda, na wale wa 1995 wana haki ya kubaki na neno lao peke yao. Ukiwachanganya unawadhulumu.

Mwalimu, andika SHUJAA WETU. Hapo hutonisikia tena.

Mama wa watoto wanne, Wete

Samahanini, naingia kwa jengine. Mie neno bingwa halinisumbui. Linalonisumbua ni nguo. Binti yangu anataka kucheza na baba yake anakataa kwa sababu ya hizo sketi fupi wanazoziona kwenye televisheni. Mwalimu, unawavisha nini watoto wetu?

Mwanzisha mada, Chake Chake

Dada yangu, swali lako lina uzito kuliko langu. Kwangu wanacheza na suruali ndefu za michezo, fulana ya mikono mirefu na ushungi uliobanwa usiwafunike macho wakikimbia. Hakuna anayelazimishwa sketi. Na hata huko duniani sheria imesogea. Mwaka 2018 Serena alicheza Paris na suti nyeusi iliyomfunika mpaka miguuni, kwa ajili ya matatizo ya damu kuganda. Mkuu wa tenisi ya Ufaransa akasema nguo ya namna ile haitokubaliwa tena. Kabla msimu wa 2019 haujaanza, chama cha wanawake wa tenisi, WTA, kikaandika wazi kuwa mchezaji anaweza kuvaa suruali ya kubana bila sketi juu yake. Mwambie baba yake aje aone mazoezi, Jumanne na Alkhamisi baada ya alasiri. Akae kivulini atazame mwenyewe.

Sasa nirudi kwako, mzee wangu wa Malindi. Shujaa ni neno zuri, ila hapa naliogopa. Shujaa tunampa mtu aliyejitahidi na mambo yakamshinda. Ndani yake kuna pole. Ons hahitaji pole. Wimbledon 2023 aliwatoa mfululizo Bianca Andreescu, Petra Kvitova, Elena Rybakina na Aryna Sabalenka. Wote wanne wamewahi kuchukua Grand Slam, na Rybakina ndiye aliyemfunga kwenye fainali ya mwaka uliotangulia. Kisha fainali akafungwa 6-4, 6-4 na Markéta Vondroušová, ambaye hata kwenye orodha ya wachezaji wa juu waliopangiwa nafasi kabla ya mashindano hakuwemo. Siku moja mbaya ya hofu. Mwenyewe alisema ndiyo kipigo kilichomuuma kuliko vyote. Mwaka wa kabla yake aliweka picha ya lile sinia la Wimbledon kwenye kioo cha simu yake, alivyokuwa akilitamani.

Ile fainali ya 2022 nilikuwa jikoni. Tarehe 9 Julai, Jumamosi. Kwao Idi Kubwa, na hapa kwetu wengine wameshasali, wengine tunangoja kesho. Nakuna nazi, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya mafuta. Alipochukua seti ya kwanza 6-3 nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Seti mbili zilizofuata 6-2, 6-2 za Rybakina. Nazi niliimalizia kwa machozi.

Mchangiaji, Malindi

Hilo la wanne mfululizo sikuwa nimelipanga hivyo kichwani. Ni zito, nakiri.

Basi nishuke ngazi moja. Madrid 2022 ni ubingwa, hauna shaka, na jumla ana mataji 5 ya WTA. Andika "Bingwa wa Madrid 2022". Hilo hata mwenzako hatoweza kulifuta, na mtoto akiuliza alimshinda nani, jibu lipo. "Bingwa wetu" peke yake bado nalipinga.

Mwanzisha mada, Chake Chake

Nitaandika Madrid, na mwaka, na matokeo. Chini yake nitaandika na zile fainali 3 na seti zake zote, wasome kuwa alifungwa na kwa kiasi gani. Lakini neno la juu silifuti. Mwenzangu nimeshamwambia leo asubuhi, hakufurahi, kanywa chai yake kimya. Nitamwalika Alkhamisi aje ukutani.

Mchangiaji, Ng'ambo

Mwalimu, mie nafanya kazi ya kutunza bustani kwenye hoteli moja kaskazini ya Unguja. Wageni huacha mipira ya tenisi, mingi bado ina manyoya. Nimeshakusanya kama 30 kwenye kiroba. Meli ya Jumatano kuna jamaa yangu anakwenda Mkoani. Nani atapokea bandarini?