Ramani ya safari za Ibn Battuta: tarehe, pepo na umbali

Mwl_Njombe
Wakuu, habari za jioni. Naandaa ramani ya ukutani ya safari za Ibn Battuta, yule msafiri Mmoroko wa karne ya 14, kwa wanafunzi wa kidato cha pili hapa Njombe. Tangier, Makka, Kilwa, Delhi, China na Mali nimeshaziweka. Nimekwama kwenye tarehe: sehemu moja inasema aliondoka kwao ana miaka 21, nyingine 22. Pia sijaelewa kwa nini aliishia Kilwa asiende Sofala (pwani ya Msumbiji ya leo) kwenye dhahabu. Na mtoto wa Makambako ambaye bahari hajawahi kuiona nimweleweshe vipi umbali huo? Halafu kila kipindi wananiuliza alikuwa anakula nini.

Kitulo_Maua
Mwalimu, miaka yote miwili ni sahihi. Alizaliwa 17 Rajabu 703, akaondoka Tangier 2 Rajabu 725. Kwa Hijria hiyo ni miaka 22 kasoro siku kumi na tano. Kwa kalenda yetu ni 24 Februari 1304 hadi 14 Juni 1325, yaani miaka 21 na miezi mitatu na ushee. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, ndiyo maana miaka 33 ya Hijria inakaribia kulingana na 32 ya huku kwetu. Makosa huingia pale mtu anapoanza kuhesabu kwa kalenda moja akamalizia kwa nyingine. Andika zote mbili kwenye manila, kila moja na rangi yake ya wino.

Umbali ufanye kwa uzi. Tumia kipimio cha 1:20,000,000, ambapo sentimita 1 ni kilomita 200. Eneo lote kuanzia Mali hadi China linaenea kwenye manila moja. Safari zake zote hukadiriwa kufika kilomita 117,000, kwa hiyo kata uzi wa mita 5 na sentimita 85. Wape wanafunzi waunyooshe darasani kabla hujaubandika. Mbeya hadi Dar kwa barabara ni kama kilomita 830, basi huo uzi ni sawa na kwenda au kurudi mara 140. Chukua uzi wa pamba. Wa sweta unavutika na kipimo kinaharibika. Ukipiga pini kwenye miji mikubwa tu, uzi utabaki, maana unakata milima na jangwa moja kwa moja wakati yeye alikuwa anazunguka kufuata visima. Ziada hiyo usiikate, iache ining'inie watoto waulize.

Poroto_Juu
Kuhusu Kilwa, jibu ni upepo. Kaskazi huvuma kati ya Novemba au Desemba na Machi na kuleta majahazi kusini. Kusi huanza Aprili na kuyarudisha. Kwa hesabu inayokubalika zaidi, alikuja mwaka 1331: Aden, Zeila, siku 15 baharini hadi Mogadishu, usiku mmoja Mombasa, kisha Kilwa. Kutoka hapo akapanda jahazi la kwenda Dhofar, Uarabuni. Kilwa ndiyo iliyokuwa mwisho wa safari ya msimu mmoja. Mfanyabiashara wa Uarabuni aliweza kufika, kuuza na kurudi ndani ya mwaka. Ukiteremka hadi Sofala, ambako mwenyewe aliambiwa ni mwendo wa nusu mwezi, kusi inaweza kukukuta ukiwa mbali, na katikati yake, Juni na Julai, bahari inachafuka mno kwa majahazi. Unangoja msimu mwingine. Kilwa ilitajirika kwa sababu hiyohiyo: dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwake.

Mwl_Njombe
Asante sana mkuu. Kwa hiyo haya magofu ya Kilwa Kisiwani aliyaona yakiwa mazima?

Poroto_Juu
Sultani aliyempokea, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye anayehusishwa na ujenzi wa Husuni Kubwa, jumba la kifalme la mawe. Sarafu yake ya shaba imekutwa hadi Great Zimbabwe. Ajabu ni kwamba Ibn Battuta anazitaja nyumba za Kilwa kuwa za mbao, na hasemi lolote kuhusu majumba ya mawe. Kumbuka hakuandika akiwa njiani. Alimsimulia mwandishi Ibn Juzayy huko Fez, Moroko, kazi ikaisha Desemba 1355, miaka zaidi ya ishirini baada ya Kilwa. Hilo waeleze wanafunzi wazi, ni somo zuri la kupima chanzo.

Mbalaga_Tukuyu
Chakula cha Mogadishu amekieleza vizuri kuliko mji wenyewe: wali wa samli kwenye sinia la mbao, na juu yake kuku, nyama, samaki na mboga. Sahani nyingine ni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na nyingine maziwa mgando pamoja na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na embe. Mtoto wa Rungwe ndizi na maziwa havimshangazi. Ukitaka kuwaonjesha, chemsha ndizi kwa maji kwanza mpaka ziive, mwaga maji, ndipo utie maziwa na upunguze moto. Ukianza na maziwa juu ya ndizi mbichi, utomvu na ukali wake huyakata yanakuwa mabonge.

Kitulo_Maua
Mwalimu, mstari wako usiishie aliporudi Fez 1349. Mama yake alikuwa amekufa kwa tauni, habari alizipata Taza akiwa karibu kabisa na nyumbani. Baada ya hapo alivuka kwenda Andalusia, na Februari 1352 akaondoka Sijilmasa, mji wa Moroko ukingoni mwa Sahara, kuelekea Mali. Siku 25 hadi Taghaza, mji wa nyumba za matofali ya chumvi zilizoezekwa ngozi za ngamia. Hapo msafara ulibeba maji kwa siku kumi za jangwa. Mbele zaidi ulimtanguliza mjumbe mmoja hadi Walata, mji wa ng'ambo ya jangwa, kwa ujira wa mithqali 100 za dhahabu (mithqali ni kipimo cha uzito wa dhahabu), ili watu wa huko waje na maji mwendo wa siku nne kuwapokea. Mjumbe akipotelea mchangani, Walata hawapati habari na msafara unakufa kwa kiu. Mzigo wa chumvi uliouzwa mithqali 8 hadi 10 Walata ulifika 20 hadi 30 mji mkuu wa Mali, wakati mwingine 40. Weka bei hizo pembeni ya pini, uwape wapige hesabu ya faida wenyewe.