Amechomoa waya gemu ikiwa inasakinishwa, halafu akasema ni waya wa kuchajia

Wanajukwaa, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka, kwa hiyo mtanisamehe nikilirudia jambo moja mara tatu. Jambo lenyewe ni kwamba yule bwana amechomoa waya uliounganisha simu yangu ya majaribio na kompyuta. Jina simtaji, kwa sababu hakuna haja. Kila aliyewahi kufanya kazi kwenye chumba chenye kompyuta zaidi ya mbili anamjua. Ndiye yule anayepita nyuma ya viti vya watu akiwa na kikombe mkononi, ambaye hajaulizwa swali hata siku moja lakini ana majibu ya kugawia kijiji kizima na bado yakabaki ya mbegu.

Niwaeleze nilikuwa nimefika wapi. Gemu ya simu tunayoitengeneza inakwenda vizuri kwenye kompyuta na inakwenda vizuri kwenye emuleta, yaani programu inayoiga simu ndani ya kompyuta, lakini kwenye simu halisi inaanza kukwamakwama baada ya kama dakika 10 za kucheza. Emuleta haiwezi kukuonyesha tatizo la namna hiyo, kwa kuwa inaazima prosesa na kadi ya michoro ya kompyuta, haichemki kiganjani, wala haijipunguzii kasi ili isiungue. Ukitaka fremu, yaani picha za skrini, 60 kwa sekunde, kila fremu ina takriban milisekunde 16.7 za kukamilika, basi. Nilitaka kuona ni kitu gani kinazila milisekunde hizo simu inapopata moto, na kwa hilo hakuna ujanja isipokuwa kuiunganisha simu na kompyuta, kuisakinisha gemu ndani yake, na kusoma takwimu huku inachezwa.

Simu ya majaribio ilikuwa imelala kwenye droo zaidi ya wiki mbili. Kuanzia Android 11, simu ikikaa siku 7 bila kuunganishwa na kompyuta iliyokuwa ikiiamini, huifuta kwenye kumbukumbu zake, isipokuwa uwe umeizuia mapema kwenye chaguo za wasanidi programu, ile mipangilio ya simu iliyowekwa kwa ajili ya watengenezaji. Kwa hiyo nilipoandika amri ya adb, chombo cha kuiamrisha simu ya Android kutoka kwenye kompyuta, ya kuorodhesha vifaa, simu ilitokea, ila pembeni mwa namba yake palikuwa na neno la kusema kwamba haijaidhinishwa. Dirisha la kuomba idhini, ambalo lilitakiwa lichomoze kwenye kioo cha simu, halikuchomoza. Nilizima seva ya adb, ile sehemu yake inayofanya kazi nyuma ya pazia, nikaiwasha, nikahamisha waya kutoka mlango wa mbele kwenda wa nyuma, nikazima utatuzi wa USB (ruhusa ya simu kuamrishwa na kompyuta kupitia waya) nikauwasha, nikabatilisha idhini zote za zamani nikaanza moja. Saa mbili zikakatika. Mwishowe dirisha likatokea, pamoja na ile alama ndefu ya ufunguo wa kompyuta na kisanduku cha kuiruhusu kompyuta hii siku zote. Nikatia tiki, nikakubali, nikapumua kama mtu aliyetua gunia.

Gemu ikaanza kusakinishwa, na hapo ndipo alipofika.

Hakuuliza nimefikia wapi, na skrini hakuitazama. Asubuhi alinisikia nikilalamika, na hilo lilimtosha. Alinyoosha mkono juu ya bega langu, akachomoa waya kwenye simu, akauinua juu kama mtu aliyekamata nyoka ghalani, akatangazia chumba kizima: "Huu ni waya wa kuchajia. Ndiyo maana haisomi." Usakinishaji ukakatika papo hapo. Nikamwambia simu ilikuwa imeshasoma. Akainama kwenye kibodi yangu, akaandika ile amri ya kuorodhesha vifaa kwa mkono wake wa kulia, huku waya unaning'inia kwenye mkono wake wa kushoto, na orodha ilipotoka tupu akawageukia watu akasema: "Si mnaona?"

Si mnaona! Waya anao yeye mkononi! Simu iko mezani peke yake kama mtoto aliyesahaulika kituoni, halafu orodha kuwa tupu ndio unakuwa ushahidi wake!

Mlango wa USB wa kawaida una njia nne za msingi: mbili za umeme na mbili za data. Waya wa kuchajia tu hauna zile mbili za data, na simu iliyochomekwa kwa waya wa namna hiyo haionekani kwenye orodha kabisa, si kwa hali ya kuidhinishwa wala ya kutoidhinishwa. Yangu ilionekana tangu asubuhi. Neno lile lile lililonitesa saa mbili ndilo lililokuwa likishuhudia kwamba waya ni mzima na data inapita.

Na bado sijafika kwenye kilichonichoma zaidi. Mwenzetu mmoja, kwa huruma yake, akaniletea waya mwingine. Nikauchomeka, na gemu ikasakinishwa mara moja, kwa kuwa idhini niliyoipigania asubuhi nzima ilikuwa imeshahifadhiwa. Sifa ikaenda kwa waya, na yule bwana akaondoka na kikombe chake akipigiwa makofi. Ameuchomoa, ameninyima ushahidi kwa kuuchomoa, kisha ameshukuriwa kwa kuuchomoa. Nasema hivi: mtu asiguse waya wa mwenzake unapopitisha data.

Jiwe la Pembeni aliandika:
Pole sana, mleta uzi. Huyo hata kwetu yupo, nadhani ni ndugu yao mmoja. Tulikuwa tunawinda hitilafu inayotokea mara moja kwa siku, simu imeunganishwa tangu alfajiri na logi, zile kumbukumbu za kinachotokea ndani ya simu, zinamiminika kwenye skrini, akaja akaichomoa ili achaji ya kwake. Hitilafu ilitokea dakika chache baadaye, na hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa.

Mnyoofu aliandika:
Nimesoma yote, na mimi namcheka mleta uzi. Saa mbili nzima mtu anahangaika na milango ya nyuma ya kompyuta wakati dirisha la idhini hutokea kwenye simu, na kwa kawaida linataka kioo kiwe kimefunguliwa. Ningependa kujua kama simu ilikuwa imefungwa muda wote huo, kwa sababu kama ilikuwa hivyo, yule bwana amekuonea, lakini na wewe mwenyewe ulianza kujionea.

Mleta uzi aliandika:
Mnyoofu, kioo nilikifungua zaidi ya mara moja na dirisha halikutokea mpaka nilipobatilisha idhini za zamani. Lakini hata kama ningekuwa nimeifunika simu kwa blanketi, hoja yangu ingebaki pale pale. Alichomoa waya, kisha akauliza orodha kwa nini haina simu. Naomba mtu mmoja humu anieleze ni orodha gani duniani inayoweza kuonyesha simu ambayo waya wake umeshikwa hewani.

Kisiki aliandika:
Nyinyi wa Windows mnalia kwa sababu ya mtu, sisi wengine tunalia kila siku bila kuguswa na mtu. Kwenye Linux yangu simu ilionekana ikiwa na maelezo kwamba sina ruhusa, mpaka nilipoweka kanuni za udev, zinazoiambia Linux nani aruhusiwe kutumia kifaa, na kujiingiza kwenye plugdev, kundi la watumiaji wenye ruhusa hiyo. Mkuu wangu wa kazi, badala ya kunipa dakika 10 za kulitengeneza, aliniambia niiendeshe seva ya adb kwa mamlaka ya juu kabisa na nisipoteze muda. Nikafanya alivyotaka. Kila nikisahau, inaanza tena upya, na lawama ni yangu.

Jiwe la Pembeni aliandika:
Kisiki, afadhali yako una kanuni za kuandika. Windows ikikosa draiva (programu ya kuielewesha kompyuta kifaa) ya simu husika, simu inachaji, picha zinafunguka, kila kitu kinaonekana kizima, ila adb haioni chochote. Mtu anaweza kuzeeka hapo akibadilisha nyaya.

Mnyoofu aliandika:
Kwa hiyo yule bwana angeweza kuwa sahihi siku nyingine.

Mleta uzi aliandika:
Siku nyingine, ndiyo! Leo hakuwa sahihi! Leo simu ilikuwa kwenye orodha!

Anga Tupu aliandika:
Nashangaa watu wanagombania waya mpaka leo. Tangu Android 11 kuna utatuzi usiotumia waya ndani ya chaguo za wasanidi programu: unaiunganisha simu kwa msimbo wa tarakimu 6 au kwa kupiga picha ya QR, na mambo yanakwisha. Tena kwa kazi ya mleta uzi waya ulikuwa na madhara yake. Anapima gemu inavyochemsha simu, huku waya huo huo unaichaji simu, na kuchaji peke yake kunaleta joto. Takwimu zake zingekuwa na moto ambao gemu haikuuwasha.

Mleta uzi aliandika:
Anga Tupu, hilo la joto ni kweli, na nakushukuru, kwa sababu wewe umelisema bila kunyoosha mkono juu ya bega langu. Kesho nitasakinisha kwa waya, kisha nitauchomoa MIMI MWENYEWE, nisome takwimu bila waya.

Kisiki aliandika:
Msimdanganye. Utatuzi usio na waya unataka simu na kompyuta ziwe kwenye mtandao mmoja, na mitandao mingi ya wageni imewekwa makusudi ili vifaa visionane. Mimi nilikaa nusu siku naingiza msimbo, simu inasema imeshindwa, kumbe kila kifaa kimejengewa ukuta wake. Na simu ikitoka kwenye Wi-Fi kidogo tu, unaanza kuitafuta upya.

Anga Tupu aliandika:
Kisiki, tatizo lako ni mtandao wa wageni. Usilaumu njia kwa sababu ya lango ulilopitia.

Mtoto wa Fundi aliandika:
Wakubwa, mnaohangaika na Android bado hamjaonja ya iOS, mfumo wa iPhone. Ukitumia akaunti isiyolipiwa, gemu unayoiweka kwenye simu kwa ajili ya majaribio inadumu siku 7, kisha haifunguki mpaka uiweke tena. Kuanzia iOS 16 ni lazima pia uiwashe hali ya msanidi, na simu inajizima na kujiwasha kabla ya kukubali. Haya yote nayafahamu na nimeyakubali. Kinachoniumiza ni kiongozi wetu, ambaye kila baada ya wiki anashika simu, anagusa gemu, haifunguki, anaandika kwenye kikundi cha kazi kwamba nimeharibu gemu. Nimemwandikia maelezo mara nne. Wiki ijayo atanisema tena.

Jiwe la Pembeni aliandika:
Mtoto wa Fundi, wewe ndiye uliyestahili kuanzisha uzi huu.

Mleta uzi aliandika:
Nampa pole Mtoto wa Fundi kwa moyo wote. Lakini kiongozi wake hakuuinua waya juu.

Ndege Mnana aliandika:
Samahani kwa kuingilia, naona humu kuna wanaoijua adb vizuri. Nina injini ya gemu (programu ya kutengenezea gemu) iliyokuja na adb yake, na emuleta iliyokuja na adb yake nyingine ya toleo tofauti. Kila nikiiwasha moja, inaiua seva ya mwenzake na simu inapotea kwenye orodha, kisha inarudi, kisha inapotea. Mtu aliyeniwekea emuleta hiyo ameapa kwamba tatizo ni waya, na nimeshanunua wa tatu.

Kisiki aliandika:
Waya hauhusiki. Seva zote mbili zinaitaka porti 5037, yaani mlango mmoja wa mawasiliano ndani ya kompyuta, na toleo la mteja (upande unaotuma amri) lisipolingana na la seva, seva inauawa na kuwashwa upya. Chagua adb moja, iliyo mpya zaidi, kisha kwenye mipangilio ya injini na ya emuleta elekeza njia ya faili hiyo hiyo. Kama emuleta haikubali kuelekezwa, ifunge unapofanya kazi na simu.

Anga Tupu aliandika:
Kabla ya hapo zima seva zote, uhakikishe hakuna iliyobaki ikijificha nyuma. Wengi hubadilisha njia ya faili huku seva ya zamani bado inaishi.

Ndege Mnana aliandika:
Nimefanya kama mlivyosema, na simu imetulia kwenye orodha, haipotei tena. Ila sasa emuleta na simu vinaonekana pamoja, na nikisakinisha, amri inakataa ikisema kuna kifaa zaidi ya kimoja.

Kisiki aliandika:
Baada ya neno adb weka -s, kisha namba ya simu kama ilivyoandikwa kwenye orodha, ndipo uendelee na amri yako.

Ndege Mnana aliandika:
Imeingia. Asanteni sana. Nyaya mbili zilizozidi nimeshamrudishia yule aliyeapa kwamba tatizo ni waya.