Ekstensheni inachemka na msumeno ulijiwasha wenyewe, naombeni ushauri

seremala_keko
Wakuu habari za kazi. Nina kibanda cha samani hapa Keko, msumeno wangu wa meza ni wa wati 2200, tuliufunga wenyewe kwenye meza ya mbao, na umeme tunauvuta kutoka nyumba ya mbele kwa ekstensheni ya rili mita 30. Sasa nikipasua mninga nusu saa tu ile rili inakuwa ya moto hadi unasikia harufu ya plastiki, na juzi plagi imeyeyuka pale kwenye pini. Hiyo moja. Ya pili ndo imenikosesha usingizi, juzi umeme ulikatika tukiwa katikati ya kazi, dogo akaanza kusafisha maranda chini ya bledi kwa mkono, hakuna aliyekumbuka kuzima swichi (ni swichi ya ukutani tu hii ya taa), umeme ukarudi msumeno ukaanza kuzunguka. Alikuwa ametoa mkono sekunde ileile. Ninunue waya gani na swichi gani?

wayamani
Pole sana mkuu, mshukuru Mungu kwa huo mkono wa dogo.

Tuanze na waya. Wati 2200 gawa kwa volti 230 unapata kama ampea 9.6. Rili nyingi za bei poa waya wake ni 0.75 (unene wa shaba, milimita za mraba), sasa mita 30 ni kwenda na kurudi, yaani mita 60 za shaba, hapo unapoteza volti kama 14 njiani na joto la wati 140 hivi linabaki ndani ya waya. Ni sawa na kuwasha glopu zaidi ya mbili za wati 60 katikati ya rili iliyozungushwa, litatokea wapi hilo joto? Ndo maana rili nzuri zina maandishi mawili, wati zikiwa zimeviringwa na wati zikiwa zimenyooshwa zote, na tofauti yake ni kubwa sana. Kwaiyo leo kabla hujanunua chochote, fungua rili yote mpaka mwisho unapofanya kazi.

Kununua, chukua waya wa mpira wenye nyaya tatu ndani (laivu inayoleta umeme, nyutro inayourudisha, na ethi ya kwenda ardhini), 2.5, shaba tupu. Kwa mita hizohizo volti zitashuka 5 hivi tu. Na usipime kwa unene wa ganda, zipo nene kwa nje ndani kamba tu. Kwangua unyuzi mmoja mwembamba wa ndani kwa kisu, ukiona weupe chini ya ule wekundu hiyo ni aluminiamu imepakwa shaba, rudisha dukani.

kijana_wa_grenda
Mi plagi ilikuwa inaunguza fyuzi kila siku nikaweka waya wa shaba pale kwenye fyuzi, mwaka wa pili sasa haijakata. Jaribu.

wayamani
Hapana ndugu yangu, toa hiyo waya leo, na nakuomba kweli. Fyuzi ya ampea 13 imewekwa ili ikate kabla waya haujawaka, ukiweka shaba au ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara maana yake kitakachoungua kwanza ni ganda la waya, na hapo chini kuna maranda. Ikikata kila siku ujue kuna kitu inakwambia, angalia kaboni za grenda au pini iliyolegea kwenye soketi.

mama_mbao
Kwenye swichi naomba niongee mimi maana nimepitia. Kaka swichi ya taa haifai kwa mota, mota ikianza inavuta mara kadhaa ya ampea zake za kawaida, zile sahani ndogo za ndani zinaungua na siku moja zinagandana, unazima haizimi. Sisi karakana yetu tulifungiwa kontakta (swichi inayoshikwa na sumaku ya umeme) yenye vitufe viwili, kijani cha kuwasha na chekundu kikubwa cha kuzima kinachotokeza nje ili hata ukisukuma kwa goti kinazima. Uzuri wake umeme ukikatika kontakta inaachia yenyewe, umeme ukirudi mashine inakaa kimya mpaka mtu abonyeze kijani. Waambie wakufungie na ovalodi (inayokata mota ikizidiwa), na ethi ifike kwenye ganda la chuma la mota. Na umeme ukikatika, kabla mkono haujasogea kwenye bledi plagi inachomolewa, hiyo kwetu ni sheria hata kwa mzee mwenyewe.

wayamani
Dada kamaliza. Niongeze tu, hakikisha swichi inakata laivu na sio nyutro, maana ikikata nyutro msumeno unasimama lakini mota bado ina umeme. Chomoa plagi, swichi iwe imezimwa, weka mita ya umeme kwenye mlio (inalia njia ikiwa imeungana), gusa pini ya laivu ya plagi na waya wa laivu pale kwenye mota. Ikilia, wamefunga kinyume.

seremala_keko
Asanteni sana. Nimekata kipande cha ile rili nikakwangua, ni nyeupe ndani. Na mita imelia, swichi ilikuwa imezimwa kabisa. Msumeno nimeuchomoa, hauwashwi mpaka fundi aje na kontakta Jumatatu. Dogo nimemwonyesha mwenyewe mita ilivyolia, amekaa kimya anaangalia ile swichi.

mama_mbao
Mwache abonyeze yeye kijani cha kwanza siku hiyo, na chekundu pia, mara kumi mpaka mkono uzoee.