Riwaya ya pwani ya kale: Kilwa yenyewe au mji wa kubuni?

BintiMtepe: Wakuu, shikamooni. Naandika riwaya ya binti wa fundi wa mitepe, vile vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba, miaka ya 1330. Nimekwama: niiweke Kilwa Kisiwani au nibuni mji? Kilwa ina jumba la Husuni Kubwa na birika lake la pembe 8, tena msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331. Mji wa kubuni unaniachia nimpindue sultani nitakapo.

Bi Kivinje: Marahaba mwanangu. Kilwa! Jina hilo peke yake linamshika msomaji. Ila utakuwa umejifunga: usimsongee mtu sima ya mahindi, wala usimchemshie muhogo. Asili yake ni Amerika, havikuwa vimefika; Wareno waliovileta waliivamia Kilwa baadaye, mwaka 1505. Pika mtama, wali, nazi, samaki. Riwaya ikikosea chungu, mimi siiamini hata kwenye mapenzi.

Nahodha: Kwa heshima, Bi Kivinje, mimi nasema abuni. Lakini pepo hazibuniwi. Kaskazi huleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi huvirudisha. Mgeni aliyechelewa kuondoka anabaki hadi msimu mwingine, na hapo ndipo zinapoanza ndoa, madeni na ugomvi. Halafu mji wako unaishi kwa nini? Kilwa ilineemeka kwa dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji. Wa kwako je?

Boriti: Kwani lazima achague kimoja? Buni mji mdogo, mwendo wa siku moja kwa chombo kutoka Kilwa, unaolipa ushuru kule. Sultani wa Kilwa abaki na historia yake, wa kwako mpindue. Na nyumba za mawe zifanye vyumba vyembamba, maana boriti za mkoko zinafunika upana wa mita 3 hivi tu. Humo siri hazifichiki, kikohozi cha chumba cha pili kinasikika.

BintiMtepe: Nimeshika la Boriti. Mji utauza kamba za nazi za kushonea mitepe. Mahindi nimeyafuta sura ya 2. Nahodha, binti anatoroka usiku maji yakiwa yamekupwa kabisa, nusu mwezi iko juu. Sawa?

Nahodha: Hapana, dada. Nusu mwezi ni maji mafu, hayatoki mbali. Unataka bamvua, maji yanayojaa na kukupwa sana: mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Mpe giza la mwandamo, na ana saa 6 hivi kabla maji hayajajaa tena.

Bi Kivinje: Na avae nini miguuni? Mwambani kuna chaza, watamkata.